Mota Zilizooshwa Kama Karoti

Siku mliyoniaga pale karakana, kikombe changu cha chai kilianza kugongagonga kisahani, nanyi nyote mkageuka kutazama dirishani kana kwamba Ziwa Kivu limeanza kukauka. Mimi nikaangua kicheko hadi chai ikanimwagikia kitengeni. Najua mlichonong'ona baadaye: mama wa watu kastaafu, na akili nayo imestaafu. Hapana, wanangu. Akili ipo, ni mkono tu. Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuniuliza, nitajibu bila kuulizwa. Mstaafu ana muda, na mwanamke mwenye muda ni hatari.

Kazi yangu mnaijua, kusuka mota, kuzifunga waya mpya zikiungua. Niliisomea Mwanza, kwenye kibanda cha mjomba wangu, ambako wateja walizoea kuniuliza kama nasuka na nywele. Familia yetu iliporudi Rwanda, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikaenda kuomba kazi kwenye karakana ya Nengo, jirani na mpaka wa Goma. Nilibeba kikapu chenye waya wa shaba, bisibisi zangu na vijiti vya mianzi vya kushindilia waya. Aliyenipokea mlangoni alikuwa mzee mrefu, mwembamba, koti la bluu limemkaa kama limetundikwa ukutani.

“Mama, chakula inawekwa kule nyuma,” akaniambia.

“Sijaleta chakula. Mimi ni fundi wa mota.”

Akanitazama, akatazama kikapu, akanitazama tena. Kisha akanipeleka kwenye mota ya kinu cha mahindi iliyoungua hadi inanuka. “Suka ile.” Akaenda zake. Nilipoimaliza na kuiwasha, ikanguruma vizuri, alikuja akaisikiliza akiwa amefumba macho. “Bon,” akasema. “Kesho kuja na kikombe yako.”

Ndivyo tulivyoajiriwa pale. Barua ya kazi ilifuata baadaye sana, na sikumbuki hata ilisemaje. Kilichohesabika ni kikombe chako kutundikwa kwenye msumari, kwenye ule ubao juu ya jiko. Saa ya chai kila mtu alishusha chake, akaketi kwenye benchi, na hapo ndipo yalipofundishwa yote ninayoyajua ambayo mjomba hakuyajua.

Mzee yule ni Papa Bahati. Alikaa Goma, akavuka mpaka kwa miguu kila asubuhi kuja kazini, na kila jioni akarudi. Wanajeshi wa kizuizini walimjua kwa koti lake. Kazi yake ilikuwa frezi, mashine ya kukatia chuma. Yetu ilikuwa ndogo, ya kuwekwa mezani. Aliiacha mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akijitengenezea treni za kuchezea. Juu kuna jino linalozunguka, chini kuna meza inayobeba chuma, na meza inasogezwa kwa hendeli tatu: moja ya kulia na kushoto, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Jino halina akili. Akili yote imo kwenye mikono inayozungusha hendeli, na mikono ya Papa Bahati ilitoa gia za shaba za mashine za kumenyea kahawa ambazo ungetamani kuzivaa shingoni. Mimi nilimpenda yule mzee kama baba, na alinitukana kama baba pia.

Kisha akaacha chai.

“Papa, mbona kikombe chako kinakaukia msumarini?”

“Chai ya hapa inaniunguzaka tumbo, mama.”

Uongo wa mchana kweupe! Mtu aliyelelewa kwa pilipili za Goma, chai gani ya kumuunguza? Nikaanza kumchunguza. Nikaona kwamba akikata meno ya gia anaegemeza viwiko vyote viwili mezani. Nikaona anapozungumza na watu mikono imo mifukoni, hata jua linapowaka. Siku moja aliniomba nimshikie rula, na nilipomkaribia nikaona vidole vyake vinacheza vyenyewe. Nikamshikia rula, nikakaza macho kwenye chuma. Ila tangu siku ile nilijikuta napita karibu na frezi mara nyingi kuliko kazi ilivyodai, nikishika hiki na kile.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Papa aliumbuliwa na gia. Meno yakaanza kutoka moja nene, moja jembamba, na mashine za kahawa zikayatafuna. Msimu wa kahawa ulikuwa unakaribia. Mwenye karakana, aliyeishi Kigali, akatuma neno kwa Injinia Kamali, msimamizi wetu. Injinia alikuwa amerudi kutoka Uganda. Na kompyuta alizungumza Kiingereza, na mama yake Kinyarwanda, na sisi Kiswahili cha kwata. Siku ile lakini aliniita pembeni kwa upole.

“Bosi anataka frezi iuzwe. Papa naye aende nyumbani kupumzika.”

“Papa akipumzika atakufa, Injinia.”

“Unafikiri mimi sijui?” Akakuna kichwa. “Sikiliza. Kama hendeli zingezungushwa na mota, na mota zikaamriwa na kompyuta, nani angehitaji mikono? Tungehitaji tu mtu anayeijua chuma. Bosi amekubali kungoja mpaka gia za kwanza za msimu. Zikiharibika hizo, basi.”

Nikamwambia ni wazo zuri, ila Papa asijue kwamba ni kwa ajili yake, atasusa. Tukatunga uongo, watu na elimu zetu. Kwenye benchi la chai Injinia akatangaza kwamba wateja wa siku hizi wanapenda kompyuta, ni mtindo tu, kama viatu vyenye visigino virefu. Papa Bahati, mikono mifukoni, akasikiliza hadi mwisho.

“Muzuri,” akasema. “Dunia inaendaka mbele.” Alisema kwa unyenyekevu mkubwa mno. Ningekuwa mwerevu ningeshtuka pale pale.

Sasa, suala likawa mota gani. Injinia alikuwa na mota za hatua, alizozing'oa kwenye printa zilizokufa za maofisini. Mota ya namna hiyo inahesabiwa hatua: kompyuta ikisema songa hatua kadhaa, inasonga, na kazi imekwisha. Tukafunga moja kwenye hendeli ya kulia na kushoto. Ikatembea vizuri, tik tik tik, Injinia akatabasamu. Papa akachukua kipande cha ubao, akakibana kwenye puli ya mota kidogo tu, akakiachia.

“Kompyuta inasema meza iko wapi?” akauliza.

Injinia akasoma. Papa akaniamuru nipime kwa rula. Meza ilikuwa imebaki nyuma upana wa ukucha.

“Huyu ni muongo,” Papa akasema. “Amejikwaa njiani, anaripoti amefika. Tena hajui kama anadanganya, njo mubaya zaidi. Mi nataka mota yenye kujua imekosea.”

Mota ya namna hiyo ndiyo sevo. Mbele ni mota ya kawaida yenye sumaku na kaboni. Nyuma, chini ya kofia ya bati, ina jicho: kisahani cha kioo chenye mistari myembamba kuliko unywele, na taa ndogo inayohesabu mistari ikipita. Ikisukumwa nje ya njia, jicho linaona na mota inarudi yenyewe. Injinia alikuwa na vidude vya kuziendeshea, alivyotumiwa na rafiki yake. Mota zenyewe hakuwa nazo.

Tukavuka mimi na Papa kwenda Goma, kwa muuza vyuma chakavu aliyebomoa mashine za kufumia za kiwanda kilichofungwa. Pale kila kitu kiliuzwa kwa kilo, na kwa hiyo kila mtu aliamini kizito ndicho bora. Injinia alikuwa ametuagiza vivyo hivyo: chukueni kubwa. Muuzaji akatuletea moja nene kama boga, akaipiga kofi kwa mapenzi.

“Tuonyeshe zile ndogo za pale,” nikamwambia.

“Mama, zile ni za watoto.”

Vijana, hapa ndipo mnapokosea hata leo na vitabu vyenu, kwa hiyo nisikilizeni. Meza ya frezi yetu haikuzidi ubao wa kukatia mboga. Boga lile lingetumia nusu ya nguvu zake kujisukuma lenyewe na nusu nyingine kung'oa bolti zetu. Mota ndogo inayokwenda mbio ukiifunga mkanda wa meno, puli ndogo kwake na puli kubwa kwenye hendeli, mbio zinapungua na nguvu zinaongezeka. Tena kila mzunguko wa hendeli unakuwa mizunguko kadhaa ya jicho, na jicho linaona vizuri zaidi. Nilipomweleza muuzaji hayo, Papa aliitikia kwa kichwa kila neno, kwa sababu lilikuwa lake. Nimewapa mimi, nilipewa na yeye.

Kujua nzima na mbovu hakuhitaji umeme. Unganisha nyaya mbili za mota, uzungushe ekseli kwa vidole. Ikiwa nzito na laini kama kijiko kwenye uji, ni nzima. Ikishikashika na kuachia, kuna waya umekufa ndani.

“Fanya we,” Papa akaniambia, mikono mifukoni. “Mi naangalia.”

Nikapata tatu nzima. Ya mwisho nikaamua kuichezea kidogo, maana muuzaji alikuwa amenichosha kwa kuniita mama wa jikoni. Nikafunga nyaya za mota moja kwenye nyaya za nyingine, nikampa moja aishike. “Shika vizuri.” Nikazungusha ekseli ya mota iliyobaki mkononi mwangu kwa nguvu. Ile ya mkononi mwake ikazunguka yenyewe.

“Mungu wangu! Iko na shetani!” Akaitupa kwenye rundo la matambara. Kisha biashara ikamrudia kichwani. “Ngoja. Kama iko na roho, haiuzwi tena kwa kilo.”

Papa alicheka hadi machozi yakamtoka, na akasahau, akayafuta kwa mkono. Mkono ulitetemeka usoni pake kama unamfukuzia nzi. Aliurudisha mfukoni upesi, nami nikaangalia rundo la matambara kana kwamba nataka kulinunua.

Mota zetu zikabebwa na Mama Zuena, shemeji yake Papa, mdogo wa mke wake. Mwanamke wa Mahoko, upande wetu wa mpaka, mswalihina, shingo ya chuma. Kila siku alivusha karoti kwenda Goma na kurudi na beseni lenye chochote kilichohitaji kurudi, na watu wa forodha aliwajua hadi majina ya watoto wao. Akasema atazileta kesho yake.

Akazileta. Akaingia karakana beseni kichwani, maji yanamchuruzika mabegani, akalitua mbele ya Injinia. Mota zilikuwa zinang'aa kama masufuria ya harusi.

“Mama,” Injinia akasema taratibu, “kwa nini zina maji?”

“Si nimeziosha! Ningeleta uchafu kwa watu wa heshima? Pale Mahoko karoti ikiwa na udongo hata mbuzi anaikataa.”

“Umeziosha nje tu?”

“Ayi! Nje tena? Ndani njo kulikuwa kubaya. Chini ya ile kofia kuna ka kioo, kalikuwa na mafuta mafuta. Nimekapangusa na sabuni, hadi unajiona.”

Injinia Kamali, mtu aliyepita vitani, alikalia ndoo ya misumari bila kuangalia kama ina kifuniko. Haikuwa nacho.

Nikazianika juani juu ya bati, nikabadilisha kaboni, nikapima, nikaanika tena. Nilivitazama visahani vile kwa lenzi, mistari ilionekana ipo. Lakini nilikuwa na hofu. Hatukuwa na mota nyingine wala muda wa kuzitafuta, na gia za msimu zilikuwa zinasubiriwa. Tukazifunga, tukaweka mikanda, Injinia akaunganisha kompyuta. Asubuhi ya kujaribu tulisimama wote kuzunguka frezi. Hata Mama Zuena alikuja, akijifanya amepitia tu.

Injinia akawasha umeme. Meza ikaanza kutetemeka.

Haikwenda kulia, haikwenda kushoto. Ilisimama pale pale ikitetemeka, haraka haraka, bisibisi zikicheza mezani. Sote tuliujua mtetemo ule. Tulikuwa tumeuona kwa miezi na kujifanya hatuuoni. Hakuna aliyemtazama Papa Bahati. Tukatazama dirishani, wote, kama nyinyi.

“Sabuni!” Injinia akafoka, ili apatikane wa kulaumiwa. “Hii ni sabuni! Mama, umeitoa macho mashine yangu!”

“Mimi?” Mama Zuena akajishika kiuno. “Uchafu njo ulikuwa unaona?”

“Nyamazeni,” Papa akasema.

Akatoa mikono mifukoni. Akaja mbele yetu sote, akaweka kiganja juu ya mota, na vyote viwili vikatetemeka pamoja. Moyo wangu uliniuma, sitawaficha. Yeye akaanza kucheka.

“Eh! Tazama, ndugu yangu huyu.” Akaisikiliza akiwa amefumba macho, kama alivyoisikiliza mota yangu siku ya kwanza. “Injinia, kidude chako iko na kiskrubu ya nguvu?”

“Ipo. Nimeifungua mpaka mwisho, ili iwe na nguvu ya kutosha.”

“Donc njo ile, hiyo skrubu. Huyu haiko kipofu. Anaona kuliko sisi wote. Anaona amekosea kidogo, anaruka kwa nguvu yote, anapita. Anaona amepita, anaruka tena kurudi. Anajilazimisha sana.” Akanigeukia. “Hii ugonjwa mi naijua. Nikijikaza, inazidi. Mama, mupunguzie.”

Nikachukua bisibisi ndogo, nikarudisha kiskrubu polepole. Mtetemo ukapungua, ukawa mnong'ono, ukakata. Meza ikatulia. Niliisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote, nayo ikanirudisha palepale bila fujo.

“Nilisema mimi!” Mama Zuena akapiga makofi. “Kitu safi hakitetemeki!”

“Shemeji,” Papa akasema, “mi naogaka kila siku.”

Hapo tukacheka, jamani. Tulicheka mpaka Injinia akashikilia frezi asianguke. Na tulipokuwa bado tunafuta machozi, Papa akatuangalia mmoja mmoja.

“Na mulizani sijui? Mtindo, kama viatu ya wanawake! Hendeli tatu, mota tatu, na mutu moja mwenye mikono mubaya. Hesabu gani ngumu iko pale?”

Ikabaki ile siku ya gia. Mwenye karakana alikuja mwenyewe kutoka Kigali, suti ya kijivu, uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Papa alikuwa amechagua jino, amechagua mwendo, ameifunga shaba mezani. Kwa hayo hakuna mkono uliomshinda, maana mtetemo haugusi kichwa. Ilikuwa imebaki kuanzisha tu. Akabonyeza kibonye cha kompyuta. Kidole kikakigonga mara tatu nne kwa mpigo, na kibonye kile kile ndicho kilichokuwa cha kuanza na cha kusimama. Frezi ikaanza, ikasimama, ikaanza, ikasimama. Bosi akamtazama Injinia.

“Mzee huyu ataweza kweli?”

Nikamwomba bosi anywe chai kwanza. Nikachukua swichi nyekundu, nene kama uyoga, niliyoitoa kwenye kinu kilichokufa, na kontakta yake. Hiyo ukiigusa mara moja inajishikilia yenyewe ndani, na baada ya hapo unaweza kuigonga hadi jioni, haikusikilizi mpaka kazi iishe. Niliiunganisha bosi akiwa bado anapuliza chai yake. Papa akanyoosha mkono, hakuuficha, ukienda huku na huku mbele ya macho ya tajiri, hadi ukaiangukia swichi. Ikagongwa mara ngapi sijui. Frezi iliisikia ya kwanza tu.

Shaba ikaanza kukatika, jino baada ya jino. Gia ilipotoka, bosi aliipachika kwenye mwenzake, akaizungusha, akaizungusha tena. Kisha akaiingiza mfukoni, akasema msimu huu hawezi kukaa bila gia za ziada, Papa atengeneze nyingine. Habari ya kuuza ikaishia hapo hapo, na hakuna aliyeitaja tena.

Papa Bahati alikwenda kwenye ubao juu ya jiko, akapangusa vumbi kwenye kikombe chake, akakishusha msumarini. Akaketi benchini katikati yetu, akaninyooshea nimmiminie. Kikombe kililia kwenye kisahani hadi bosi akageuka.

“Nusu, mama,” Papa akaniambia. “Ukijaza, nitajikaza.”

Basi kikombe changu kiacheni msumarini, nitakuwa napita. Na mtakaponimiminia, tazameni kikombe, siyo dirisha. Nusu inatosha.